Pikipiki Mbili, Jembe Moja

Pikipiki ya marehemu mume wangu haina kitufe cha kuwashia. Ukitaka iondoke, unafungua bomba la mafuta chini ya tangi, unavuta kijiti cha hewa ikiwa asubuhi ina ukungu, na hapa Burungu asubuhi karibu zote zina ukungu, kisha unakunjua ule mkono wa chuma ulio upande wa kulia na kuukanyaga kwa uzito wako wote. Ikikataa, unarudia. Ikikataa tena, unatulia kidogo, kwa maana ukiikanyaga kwa hasira inalewa mafuta na haitakusikiliza mpaka jua litoke. Mwanamke aliyevaa kitenge anaweza kufanya hayo yote. Nasema anaweza kwa sababu nimeambiwa mara nyingi kwamba hawezi, na mara nyingine nimeambiwa hivyo nikiwa nimeshaiwasha.

Mume wangu aliinunua kule Hombo, tarehe 9 Machi 2004, tulipokuwa tumeshuka Walikale kuwasalimu watu wangu. Mimi ni binti wa msitu. Yeye alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mfugaji wa ng'ombe wachache na mkulima wa maharage. Pikipiki hiyo tayari ilikuwa mzee siku ile. Ilikuwa ya aina iliyoundwa Japani kwa ajili ya mapadri na mabwana shamba: karia pana ya chuma nyuma, mnyororo uliofunikwa usiingie tope, injini inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa buluu. Rangi ya tangi ilikuwa imechubuka hata jina lake likabaki herufi tatu. Nazikumbuka herufi hizo kwa sababu mwaka 2008, nilipoanza kujifunza kusoma nikiwa mama wa watoto wanne, ndizo za kwanza nilizozisoma nje ya darasa bila mtu kunionyesha. Mwezi wa saba mwaka 2015 nilipata diploma yangu ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Nilikwenda kuichukua nikiendesha mwenyewe, mume wangu akiwa nyuma yangu, ameshika karia kwa mikono miwili, akiwapungia kichwa watu waliocheka.

Alifariki tarehe 17 Juni 2017, kwa homa. Tarehe 23 Juni 2018 ukoo ulikutana kuondoa kilio, na kesho yake asubuhi nilikuta jembe jipya limesimama ukutani kando ya mlango wangu.

Lazima nieleze jembe hilo. Katika ukoo wa mume wangu, ndugu wa marehemu anayetaka kumrithi mjane hasemi neno. Huleta jembe, hulisimamisha ukutani, akaenda zake. Mjane akilichukua na kulilimia mbele ya watu, hata mstari mmoja wa maharage, ameolewa. Akiliacha, hajakataa, amechelewa tu, na jembe humngojea. Kulirudisha kwa mikono ni kuutukana ukoo mzima, na anayefanya hivyo hutoka katika boma kwa miguu yake, watoto wakibaki. Kwa hiyo njia ya kukubali ipo, ya kukataa haipo. Na wala si lazima kiwe jembe. Kitu chochote atakacholeta mwanamume huyo, mjane akakitumia kama chake mbele ya macho ya watu, ni jembe.

Nililiacha. Kuku walilala juu ya mpini wake. Mvua ililitia kutu.

Mwenye jembe alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, mwendeshaji wa pikipiki za abiria katika njia ya Kitchanga. Sitamsingizia: si mtu mbaya. Ni mcheshi, hanywi sana, na katika mwaka ule wa kilio alipasua kuni zangu bila kuombwa. Tarehe 10 Machi 2019, baada ya misa, aliingia uani kwangu akiwa juu ya pikipiki mpya nyekundu. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua maharage.

"Shemeji, angalia muzuri," alisema. Akabonyeza kwa kidole gumba, na injini ikaanza bila kelele. "Umeona? Kidole tu. Hata mama mwenye kubeba mimba anaiamsha."

"Na ile ya kaka yako?"

"Ile? Iko inatoa moshi kama mama anapika na kuni mubichi. Haiko moto, haiko pikipiki tena, iko chuma. Lakini moteri yake iko na maana. Tutaitoa, tuiweke ku mashini ya kusaga mihogo. Ukoo mzima utapata unga."

"Na mimi nitapata nini?"

Akapiga kiti cha pikipiki nyekundu kwa kiganja. "Hii."

Kiti kilikuwa bado kimefungwa nailoni ya dukani, kama wafanyavyo vijana wote ili kisizeeke. Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye maharage yake.

"Kama iko muzuri vile," alisema, "mbona umeifunga kama mugonjwa?"

Shemeji alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Jembe lilikuwa limepata magurudumu. Kila juma nilipeleka jibini kutoka malishoni hadi Kashuga na kurudi na mawese yaliyopandishwa kutoka Walikale. Kwa biashara hiyo watoto wangu walisoma, na mimi mwenyewe sikumwomba mtu chumvi. Ukoo ukichukua pikipiki ya marehemu, biashara inakufa. Nikipanda ile nyekundu kama yangu, biashara inaishi, lakini mimi si wangu tena.

Hata hivyo, sikutaka kukataa kitu nisichokijua. Watu wengi hudhani mjane anashika vitu vya zamani kwa sababu ya machozi. Mimi nilitaka kujua kama ilikuwa nzuri.

"Ijumaa Mama anakwenda Kashuga kumuona dada yake," nilimwambia. "Nitamwendesha juu ya hii yako. Wewe utatufuata na ile ya kaka yako, ukibeba jibini. Tukirudi, tutazungumza."

Alinitazama, kisha akamtazama mama yake. Niliona akitafuta kosa katika maneno yangu na asilipate. Mtu anayembeba mama mzazi wa mwenye kitu hajapokea kitu. Amemtumikia tu mwenye kitu. Desturi ya jembe haina neno juu ya hilo.

Mama mkwe alitupa ganda la maharage. "Mutanigeuza mihogo ya kupima mizani," alisema. "Lakini nitafika Kashuga."

Ijumaa tarehe 15 Machi tuliondoka ukungu ukiwa bado bondeni. Aibu yangu ya kwanza ilikuwa pale pale uani: nilibonyeza kitufe, sikusikia kitu, nikabonyeza tena, na chuma kikalia ndani kwa ukali. Ilikuwa imeshawaka. Nilizoea injini inayotangaza kuamka kwake mpaka ng'ombe wanageuza shingo. Hii iliamka kama mtu asiyetaka kusikika na wenye nyumba.

Sasa niseme ukweli wote, kwa sababu wanaojitetea kwa uongo hushindwa. Pikipiki ile mpya ilikuwa nzuri. Gia ziliingia kwa kugusa. Mashimo ambayo kwa miaka kumi na mitano niliyajua kwa kiuno changu, moja moja, yalipita chini yetu yakiwa yamepunguziwa nusu ya ubaya wake. Breki ya mbele ilikamata kwa vidole viwili. Mara ya kwanza niliikamata kwa mkono mzima, kama nilivyozoea, na mama mkwe akanigonga mgongoni kwa paji la uso akaniuliza kama tumefika. Na katika mteremko ilinishangaza zaidi. Ukiachia mafuta, injini yenyewe inashikilia mwendo, kama mtu anayekushika mkono ukishuka kwenye utelezi.

Ile ya zamani haikushikilii. Ukiachia mafuta inakimbia tu, na breki zake si amri, ni ombi. Tena mtu asiiache ishuke mlima mrefu bila kuipa mafuta kidogo kidogo, maana oili yake imo ndani ya petroli. Ukifunga petroli umefunga na oili, na chuma kinabaki kikisugua chuma. Mume wangu alinifundisha hilo mwaka 2006, katika malisho, akitembea kando yangu. "Ukishuka, usiiache na kiu," aliniambia. Hadi leo mkono wangu wa kulia unafanya hivyo wenyewe. Uliifanyia hivyo hata pikipiki mpya katika mteremko wa Kitchanga, na yenyewe ikashtuka, ikaruka mbele, kwa kuwa haikuwa na kiu yoyote.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kinachonikosesha raha. Mashine ile haikunihitaji. Ya zamani huniambia mambo kupitia viganja: mtetemo mnene ukimaanisha mzigo umelala upande mmoja, mtetemo mwembamba ukimaanisha buji, ile plagi ya kuwashia moto wake, imechafuka. Katika mlima naipandisha kwa sikio, nikijua kutokana na sauti yake lini itaomba gia ya chini. Nikishuka nimechoka, na uchovu huo naujua ni wa kazi ambayo nimeifanya mimi. Juu ya ile nyekundu sikuchoka. Nilifika Mweso, njiani kwenda Kashuga, nikiwa safi, nisijue la kufanya na nguvu zangu.

"Mama, uko sawa nyuma?" nilimuuliza.

"Hii nailoni!" alisema. "Tukipanda naenda nyuma mpaka Goma, tukishuka naingia mu mugongo yako."

"Lakini inabeba vizuri?"

Alifikiri. "Inanibeba kama mugeni. Ile ya mwana wangu inanibeba kama mufuko ya viazi." Tukavuka shimo. "Lakini mufuko ya viazi wanaifunga."

Kashuga, dada yake alitupokea mbele ya kibanda chake cha turubai, na wazee hao wawili wakashikana mikono wakaanza kusemana vibaya kwa mapenzi, wakidaiana ni nani aliyezeeka zaidi. Shemeji alifika nyuma yetu, ametota jasho, uso umejaa masizi, meno yote nje. Nilimwona akishuka na kuipigapiga tangi kabla hajakumbuka kwamba ni chuma tu. Niliuza jibini. Alipokuwa ananingoja, alikwenda kwa wauza petroli wa barabarani, wale wenye chupa juu ya meza, akajaza tangi. Sikuwa pale.

Tulirudi vivyo hivyo, mimi na mama mkwe mbele, yeye nyuma. Katika mlima wa mwisho kabla ya kushukia kwetu, sikio langu lilikuwa halijaacha kuisikiliza ile ya zamani. Niliisikia ikipanda vizuri. Kisha sauti yake ikaanza kuwa nyembamba, nyembamba na ya juu, kama mtu anayepiga kelele huku koo limekauka, kisha ikakatika. Nilisimama. Shemeji alikuwa ameyumba, gurudumu la nyuma limegoma kuzunguka, lakini hakuanguka.

Alikanyaga mkono wa kuwashia. Haukushuka. Alikanyaga tena kwa miguu miwili, na ulikuwa kama umeota kwenye mwamba.

"Imekufa," alisema.

"Uliiwekea nini?"

"Esansi ya ku chupa."

"Na oili?"

"Oili si iko chini, ku moteri? Kama moto zote."

"Hii haina chini," nilisema.

Aliinama akatazama chini ya injini. Si ujinga uliomfanya akosee. Vijana wote wa njia ya Kitchanga wangekosea hivyo, kwa sababu pikipiki walizokulia hubeba oili yao tumboni na hazimwombi mtu. Kisha akainuka. Aliitazama ile nyekundu, akanitazama, na uso wake ukafunguka.

"Basi tupande watatu," alisema. "Miye mbele, weye katikati, Mama nyuma. Ile tutairudilia na kamio ya mizigo."

Nilikiona kijiji chetu kama mtu anavyoona picha. Jioni ya Ijumaa, watu wote wakiwa kandokando ya barabara. Mimi nimeketi nyuma ya shemeji yangu juu ya pikipiki yake mpya, mama yake akiwa nyuma yangu kama mtu anayemsindikiza bibi arusi. Pikipiki ya mume wangu imeachwa porini. Jembe lenyewe lisingesema wazi zaidi. Na hakuna aliyepanga. Sidhani kama hata yeye alikuwa amepanga. Ndivyo mambo haya yanavyotufikia, yakiwa yamevaa nguo za msaada.

"Nenda na yako," nilimwambia. "Mimi naingoja hii ipoe."

"Shemeji, mutu hangoje kitu imekufa!"

"Nilimngojea kaka yako mwaka mzima."

Aliona hakuna njia upande wangu, akamgeukia mama yake. "Mama, panda twende. Mvua inakuja."

Mama mkwe alikwenda hadi kwenye ile pikipiki nyekundu, akapitisha kiganja juu ya nailoni, akarudi, akaketi juu ya kreti tupu ya jibini. "Nimechoka kuteleza," alisema. "Nitangoja."

"Mutalala hapa!"

"Weye ulilala mu tumbo yangu miezi tisa. Nilikuambia uharakishe?"

Akaondoka. Pikipiki yake haikutoa sauti mlimani. Baada ya kona ya kwanza ilikuwa kana kwamba hakupita.

Tuliketi. Chuma kilikuwa kikilia taratibu kikipoa. Mawingu yalishuka mpaka kwenye mikaratusi ya juu, kisha yakabadili nia. Mama mkwe alikuwa akiitazama karia ya nyuma, pale ambapo marehemu mtoto wake alimkalisha juu ya blanketi iliyokunjwa kila Pasaka.

"Miye pia walinileteaka jembe," alisema.

Sikuwahi kusikia hilo. Nilijua tu kwamba alizaa watoto wake wa mwisho baada ya mume wake wa kwanza kufariki, na sikuwa nimehesabu.

"Ukafanyaje?"

"Nililima," alisema. Akafunga kitenge chake upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri. "Ile jembe ilikuwa nzito."

Ndipo nikahesabu. Shemeji yangu ni mtoto wa jembe hilo.

Injini ilipopoa kiasi cha kuwekwa kiganja, nilitoa ile chupa ndogo ya oili ambayo mume wangu aliiweka katika kisanduku cha vyuma, nami sijawahi kuiondoa. Nilifungua buji, nikadondosha oili kidogo katika tundu lake, nyingine nikaimimina katika tangi. Niliingiza gia ya juu, nikaisukuma pikipiki mbele na nyuma, mbele na nyuma, mama mkwe akisukuma karia kwa mikono yake yote miwili na kuitukana kwa Kihunde. Kitu kikaachia ndani. Gurudumu likazunguka. Nilirudisha buji, nikasimama, nikakunja kitenge changu katikati ya magoti, nikakanyaga. Haikukubali. Nikatulia. Nikakanyaga tena, na moshi wa buluu ukajaa barabara yote, na mama mkwe akapiga vigelegele kama kwenye ubatizo.

Tuliingia Burungu tukisikika kutoka mbali. Watu walitoka. Waliona mjane anaendesha, na nyuma yake, juu ya blanketi iliyofunika jibini, mama wa ukoo ameshika karia kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anawasalimu kama mbunge. Shemeji alikuwa ameegemea pikipiki yake mbele ya boma. Alisogea, akaishika tangi iliyokuwa bado na joto.

"Mama," alisema, kwa sauti ndogo, "sasa hii moto iko ya nani?"

"Nilikuona ukiiua," alisema mama mkwe akishuka, akikataa mkono wake. "Nilimuona akiiamsha. Unauliza tena?"

Ukoo ulikutana Jumapili, na wanaume walizungumza sana, kama ilivyo haki yao. Hawakuzungumza juu ya mashine ya kusaga mihogo. Lakini uamuzi ulikuwa umeshafanyika asubuhi ya Jumamosi, na ulifanyika bila mkutano. Nilipofungua mlango nilimkuta mama mkwe ameshika lile jembe, akilikung'uta kinyesi cha kuku. Hakunisalimu. Alilitia begani, akapita katikati ya kijiji, akashuka hadi shamba lake la viazi vitamu lililo kando ya barabara kubwa, na pale, mbele ya kila aliyekuwa anakwenda sokoni, akalilimia hadi jua lilipokuwa kali. Jembe lililokwisha kulimiwa haliwezi kumngoja mtu mwingine. Mwanamke mzee wa kwanza aliyemwona alisimama, akaelewa, akacheka mpaka akaketi chini.

Shemeji yangu ameoa. Mke wake ni mwalimu, na yeye ndiye hupanda mbele.

Wako wanaoisimulia habari hii kana kwamba niliikataa pikipiki mpya. Wanakosea. Niliipenda tangu mteremko wa kwanza, na sikuisahau. Tarehe 2 Februari 2021 nilikwenda Goma nikanunua ya kwangu, nyekundu vilevile, kwa jibini yangu na kwa jina langu. Mvua zikiwa nyingi napanda hiyo, kwa sababu ya breki zake. Kukiwa na ukavu napanda ile ya Hombo, kwa sababu inanihitaji, na kwa sababu napenda ng'ombe wageuze shingo ninapopita. Muuzaji wa Goma alinisihi nisiguse kiti, akisema nailoni hulinda thamani. Niliipasua kwa meno mbele yake, kabla sijatoka dukani.